ICANN, IETF, ITU au IGF: ukitaka kupigania maslahi ya umma kwenye intaneti, muda wako upeleke wapi?

Hili swali linawasumbua sana watu wanaoanza kufuatilia nani anaendesha intaneti duniani, manake ukiingia tu unakuta vikao ni vingi, kila kikao kina vifupisho vyake, na kila kimoja kinakwambia chenyewe ndo kinafanya kazi kwa maslahi ya umma. Na wewe una jioni mbili kwa wiki, au uko kwenye asasi ndogo ambayo mtu wa sera ndo huyohuyo anaposti mitandaoni na ndo huyohuyo anaandika ripoti za wafadhili. Kote huwezi kuwepo, lazima uchague.

Kipimo changu nakitaja mapema ili kama hukikubali ujue: usiangalie ni wapi maslahi ya umma yanatajwa mara nyingi, angalia nani pale anaweza kusema hapana na hapana yake ikashika. Ukipima hivyo mambo yanageuka kidogo. Kuna sehemu wanaongea vizuri sana na hakuna wanachoweza kuzuia, na kuna sehemu hayo maneno karibu hawayatumii lakini wamekulinda wewe unayesoma hapa bila hata kujua.

Kwa asiyewajua, haraka haraka. ICANN wanasimamia majina ya vikoa, yaani nani anaendesha .com, nani .org, nani anaruhusiwa kuanzisha kikoa kipya. IETF wanaandika itifaki, zile kanuni za kiufundi za jinsi vifaa vinavyoongea. ITU ni shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lilianza 1865 enzi za telegrafu, wanachama wake ni serikali 194. IGF ni jukwaa la Umoja wa Mataifa la kuongea kuhusu intaneti, narudia, la kuongea. Halafu kuna mashirika matano ya kanda yanayogawa anwani za IP, zile namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, hao nitawagusa baadaye kidogo kwa sababu watu wanawasahau sana.

Tuanze na ICANN maana huko ndo stori ni nyingi.

ICANN ilianzishwa 1998 California kama shirika lisilo la faida, na maslahi ya umma yamo kwenye hati zake za uanzishwaji. 2016, wakati serikali ya Marekani inaachia mkataba wake wa kusimamia mzizi wa majina, yaani orodha kuu ya vikoa vyote (mkataba uliisha rasmi kuamkia tarehe 1 Oktoba 2016), hati zikarekebishwa na sasa zinasema maslahi ya umma ya dunia, kama yatakavyoamuliwa mara kwa mara na jumuiya ya wadau kupitia mchakato shirikishi unaoanzia chini. Ukisoma vizuri utaona hawajasema maslahi hayo ni yapi, wamesema yataamuliwaje. Kuna wanaoona huo ni ujanja, mi naona ni uamuzi wa makusudi na una faida na hasara zake. Faida ni kwamba hakuna serikali wala kampuni inayoweza kunyanyuka ikasema maslahi ya umma ni haya hapa nimekuja nayo kwenye mkoba. Hasara ni kwamba aliyepo kwenye mchakato ndo umma, na aliyekosa muda wa kuwepo basi si umma siku hiyo.

Kesi ya .org ndo inaonyesha kila kitu. Juni 2019 ICANN wanafanya upya mkataba wa .org na wanaondoa ukomo wa bei, pamoja na kwamba walipoomba maoni walipata maelfu na karibu yote yanapinga. Yakapita hivi hivi. Novemba mwaka huohuo Internet Society, shirika lisilo la faida la kuendeleza intaneti, wanatangaza kuiuza Public Interest Registry, shirika linaloendesha .org tangu 2003 (na ndio, maslahi ya umma yamo hadi kwenye jina), mnunuzi ni kampuni ya uwekezaji inaitwa Ethos Capital, bei dola bilioni 1.135. Zaidi ya majina milioni 10, mengi ya mashirika ya misaada, maktaba, vikundi vya haki, watu wote wakashtuka. Makelele yakaendelea miezi mitano. Tarehe 15 Aprili 2020 mwanasheria mkuu wa jimbo la California akaiandikia ICANN kuitaka isikubali, na tarehe 30 Aprili bodi ikakataa.

Sasa jiulize kwanini maoni ya Juni hayakufua dafu na ya Aprili yakafua. Makelele yalikuwa makubwa zaidi mara ya pili, hilo kweli, ila kulikuwa na vitu viwili vya ziada. Kwanza, mkataba wenyewe ulikuwa na kipengele kinachosema umiliki ukibadilika lazima ICANN iridhie, kwa hiyo kulikuwa na mahali pa kusemea hapana. Pili, kulikuwa na ofisi ya serikali yenye mamlaka halali juu ya mashirika yasiyo ya faida yaliyosajiliwa jimboni kwake. Bila hivyo viwili nadhani ingeuzwa. Ndo maana mtu akiniambia anataka kwenda ICANN namwambia asianze na hotuba, aanze kusoma mikataba, ni mirefu na inachosha lakini ndo sheria yenyewe ya pale.

Mfano wa pili unaofuata njia hiyohiyo ni data za wenye vikoa. Miaka na miaka watetezi wa faragha walilalamika kwamba ukisajili jina lako, simu na anwani yako ya nyumbani vinawekwa hadharani kwenye rejesta ya WHOIS kila mtu anasoma, pamoja na anayekuwinda. ICANN ikawa na kamati, na kamati juu ya kamati, hakuna kilichobadilika cha maana. Kisha sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, ikaja na faini zake, ianze kutumika 25 Mei 2018, na bodi ya ICANN ikapitisha kanuni ya muda ya kuficha data hizo tarehe 17 Mei, yaani siku nane kabla. Miaka yote ile ya hoja nzuri haikufika hata robo ya kilichofanywa na faini.

Ila wasionekane ni watu wa kusukumwa tu. Serikali pale zina kamati yao ya ushauri, inaitwa GAC, na ushauri wao una uzito (bodi ikitaka kuukataa ushauri ambao serikali zote zimeafikiana inahitaji asilimia 60 ya kura zake), lakini serikali haiwezi kuamuru. Kwenye kikoa cha .amazon, Brazil na Peru walipinga wakisema jina ni la eneo lao, GAC 2013 ikashauri kampuni ikataliwe, bodi ikafuata, halafu 2017 jopo huru la mapitio likasema bodi ilitakiwa ipime yenyewe kama kweli kuna sababu ya maslahi ya umma, si kuchukua neno la serikali na kuliweka muhuri. Mwishoni kampuni ikapata. Unaweza usipende matokeo, mi mwenyewe sikuyapenda sana, lakini hoja ya jopo nakubaliana nayo, ukisema maslahi ya umma toa sababu, hata kama wewe ni serikali. Na Machi 2022 Ukraine ilipoomba .ru iondolewe, ICANN walikataa, wakasema kazi yao ni kuhakikisha mfumo unafanya kazi, si kuadhibu.

Kuingia ICANN ni bure. Kuna kundi la watumiaji wasio wa kibiashara linaitwa NCUC, kuna At-Large kwa watumiaji wa kawaida, mikutano mitatu kwa mwaka na unaweza kufuatilia mtandaoni, kuna na ufadhili wa wageni. Tatizo ni muda, kikundi cha kazi kimoja kinaweza kula miaka, simu za kila wiki, saa za ajabu. Na usijidanganye kuhusu nguvu, kwenye bodi ya wajumbe 16 wenye kura, anayechaguliwa na upande wa watumiaji wa kawaida ni mmoja.

IETF sasa ni dunia nyingine kabisa.

Hamna uanachama. Hamna kura. Wanaamua kwa makubaliano ya jumla, na kwenye mikutano wakitaka kupima upepo watu wanaguna, kweli kabisa, mwenyekiti anauliza nani anaunga mkono na watu wanaguna mmmm, anasikiliza wapi kumenguruma zaidi (mtandaoni siku hizi kuna kitufe). Kazi kubwa inafanyika kwenye orodha za imeili ambazo yeyote anajiunga bila kulipa. Mkutano wana ada, ila anayeshiriki kwa mtandao na hana uwezo anaweza kuomba msamaha wa ada.

Hao jamaa maslahi ya umma karibu hawayataji. Wanaongea usalama, faragha, mtumiaji wa mwisho. Lakini angalia walichofanya. Mwaka 2000, hati RFC 2804 (RFC ndo jina la hati wanazochapisha, kila moja na namba yake), walikataa kuweka mahitaji ya udukuzi wa mawasiliano kwa ajili ya polisi ndani ya viwango vyao. Mei 2014, mwaka mmoja hivi baada ya Snowden kufichua ufuatiliaji wa Marekani, wakatoa RFC 7258 inayosema ufuatiliaji wa watu kwa jumla ni shambulio la kiufundi na itifaki zibuniwe kulipunguza. Wangeweza kuishia kwenye tamko wakalala, hawakufanya hivyo. TLS 1.3, ile itifaki inayofunga mawasiliano yako na benki yako au na ukurasa huu, ilitoka Agosti 2018 na njia za zamani zilizokuwa zinaruhusu mtu mwenye ufunguo mmoja wa seva kufungua mawasiliano yote ya nyuma zikawa zimeondolewa. Watu wa sekta ya fedha walikuja 2016 wakiomba njia mojawapo ibaki maana wanaitumia kukagua mitandao yao wenyewe ndani, wakaambiwa hapana. Na 2020 kuna RFC 8890 inasema wazi kwamba maslahi yakigongana, ya mtumiaji wa mwisho yatangulie.

Hapo sasa ukiweka ICANN na IETF bega kwa bega unaona tofauti ambayo mi naiona kubwa kuliko zote: ICANN hapana yake iko kwenye mkataba, IETF hapana yake iko ndani ya itifaki yenyewe. Mkataba unaweza kufanywa upya kimya kimya mwezi Juni. Itifaki ikishasambaa kwenye mabilioni ya vifaa, kuirudisha nyuma ni kazi ya miaka.

Lakini ngoja, kuna mtego. Kiwango cha IETF ambacho hakuna anayekitumia ni karatasi tu, na wanaoamua kitumike ni watengeneza vivinjari, watengeneza simu na wenye seva kubwa, kampuni chache tu. Wengi waliopo kwenye vikao nao ni waajiriwa wa kampuni hizohizo kwa sababu wao wanalipwa kukaa pale. Chukua DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, ikipitishwa ndani ya HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofungwa, RFC 8484 ya Oktoba 2018. Inaficha maswali yako ya majina ya tovuti ili mtoa huduma wako wa intaneti asiyaone, safi, watetezi wa faragha wengine wakashangilia. Wengine, watetezi wa faragha vilevile, wakasema subirini, sasa maswali ya nusu ya dunia yatakusanywa kwa kampuni mbili tatu kubwa. Watu wa vichujio vya watoto nao wakalalamika. Nani hapo alikuwa anasimamia umma? Wote kwa kweli, na ndo maana mtu anayekwambia maslahi ya umma ni kitu kimoja kilichonyooka mwangalie vizuri.

Gharama ya kuingia IETF ni akili si hela. Ukija na hoja kwamba hii inavunja haki za binadamu halafu usionyeshe ni sehemu gani ya pakiti inayovujisha nini kwa nani, utapata ukimya wenye adabu. Kuna RFC 8280 ya 2017 iliyotoka kwenye kundi la utafiti lililo jirani yao, inafundisha jinsi ya kuikagua itifaki kwa jicho la haki za binadamu, na kuna RFC 6973 ya 2013 ya masuala ya faragha. Mtu akisoma hizo mbili na akakaa kimya kwenye orodha moja ya imeili miezi michache akisoma tu, anaweza kuandika ujumbe mmoja ukabadilisha aya nzima. Nimeona ujumbe wa mtu asiyejulikana ukipewa uzito kuliko wa mtu wa kampuni kubwa kwa sababu tu alikuwa sahihi. Sehemu nyingine hilo halitokei kirahisi.

ITU wengi wa upande wa haki za kidijitali wanaichukia, na sababu wanazo. Wanaopiga kura ni serikali, mashirika na makampuni yanaweza kulipia uanachama wa sekta lakini kura hawana, nyaraka nyingi za kazi huwezi kuzifungua bila akaunti ya mwanachama. Desemba 2012 Dubai walijaribu kurekebisha mkataba wa kimataifa wa mawasiliano wa 1988, ugomvi ukawa kama uguse intaneti au la, mwisho nchi 89 zikasaini na 55 zikakataa, na tangu hapo kila mtu akitaja ITU kwenye kikao cha wadau kuna wanaokunja sura.

Mi nadhani wanakosea nusu. Sikiliza upande wa pili: ITU nchi ndogo kabisa ina kura moja sawa na Marekani au China. ICANN na IETF wanasema mlango uko wazi kwa wote, na ni kweli, lakini mlango wazi unamfaa mwenye nauli, visa, Kiingereza kizuri na mwajiri anayemlipa mshahara akiwa kwenye simu ya saa tano usiku. Wanadiplomasia wa nchi zinazoendelea wakisema hivyo wanajibiwa kwamba wanataka udhibiti, na wengine kweli wanautaka, sikatai, kuna serikali zinataka ITU ipewe intaneti ili ziwe na kikao ambacho wananchi wao hawamo. Hoja mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Na kuna kitu ITU inashika ambacho hao wengine hawana kabisa, masafa ya redio na nafasi za setilaiti angani. Masafa gani yawe ya simu, yapi ya setilaiti, hayo yanaamuliwa kwenye mikutano yao ya redio kila miaka mitatu minne hivi. Ukikumbuka kwamba kwa hesabu zao wenyewe za 2024 watu bilioni 2.6 walikuwa hawajaunganishwa, basi huenda suala kubwa kuliko yote la maslahi ya umma linajadiliwa kwenye chumba ambacho watetezi hawamo kwa sababu wanaona mada inachosha. Hilo linaniudhi kidogo.

Njia ya kuingia ITU ni moja, ujumbe wa nchi yako. Si siku ya mkutano, siku hiyo umechelewa, misimamo inapikwa miezi mingi kabla kwenye mikutano ya maandalizi ya kanda. Mtafute afisa wa wizara ya mawasiliano au mamlaka ya udhibiti anayesafiri, mara nyingi ni mmoja au wawili, wamezidiwa na makaratasi, na ukimpelekea kurasa mbili zenye maneno yaliyo tayari kuingizwa kwenye pendekezo la nchi atakushukuru. Wengine wamewahi kuchukuliwa ndani ya ujumbe kabisa. Kama serikali yako haipokei hata barua ya asasi, basi ITU kwako imefungwa, usipoteze muda.

IGF nitakuwa mfupi ingawa wenyewe wako wengi na wanajisikia vibaya mtu akiwa mfupi. Ilizaliwa kwenye mkutano wa dunia wa jamii ya habari Tunis 2005, mkutano wa kwanza Athens 2006, haikupewa mamlaka ya kuamua kitu na hiyo ndo ilikuwa bei ya kuwaweka wote chumba kimoja. Muda wake uliongezwa 2010, tena 2015 kwa miaka kumi, na Desemba 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaifanya ya kudumu. Kwa kipimo changu IGF inapata sifuri, hakuna mtu pale anayeweza kusema hapana ikashika. Lakini ni sehemu nzuri kuliko zote ya kujifunza na kupata watu, kiingilio bure, waziri anakaa jukwaani na wewe unashika maikrofoni, kuna na IGF za nchi na za kanda ambazo ziko karibu zaidi. IGF ni kama sebule, unakutana na kila mtu ila mambo ya nyumba yanaamuliwa chumba kingine. Ushauri wangu nenda mara moja au mbili, chukua namba za watu, halafu hamia kwenye chumba. Nawajua watu wenye uwezo mkubwa ambao wako miaka mingi kwenye paneli za IGF, paneli nzuri kweli, na ukiuliza kipi kimebadilika wanakutajia paneli nyingine.

Na isiwe kisingizio kwamba kikao cha wadau wengi hakiwezi kuandika kitu. NETmundial, São Paulo Aprili 2014, siku mbili, Brazil iliitisha baada ya mambo ya Snowden, serikali na kampuni na asasi na wahandisi kila mmoja na foleni yake ya maikrofoni, wakatoka na kanuni zilizoandikwa, haki za binadamu zikiwa juu. Hazikumfunga mtu kisheria, lakini maandishi yale yanatumika hadi leo kwenye majadiliano mengine. Ulinganishe na Mkataba wa Kidijitali wa Dunia wa Septemba 2024 huko New York, ambapo asasi ziliulizwa maoni lakini waliokaa mezani kukubaliana maneno ni serikali.

Anwani za IP, niliahidi. Zile za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa jumla, hodhi kuu liliisha 3 Februari 2011, kwa hiyo kilichobaki kina thamani ya kifedha na kila mtu anakitaka. Mijadala ya sera kwenye mashirika ya kanda iko wazi kwa yeyote, ila kura za bodi ni za wanachama, yaani watoa huduma za intaneti, vyuo vikuu na kadhalika. AFRINIC, shirika la kanda ya Afrika lililopo Mauritius, liliingia kwenye mgogoro na mwanachama wake mmoja juu ya anwani zaidi ya milioni 6, kesi zikafuatana, akaunti za benki zikazuiwa na mahakama 2021, likafika mahali halina bodi inayofanya kazi na mahakama ikateua msimamizi. Rasilimali ya bara zima, na idadi ya watu waliokuwa wanajua kuna uchaguzi pale ni ndogo mno. Kama uko chuo kikuu ambacho ni mwanachama wa shirika la kanda yako, ulizia nani anashika kura ya chuo. Mara nyingi ni fundi mmoja wa mtandao ambaye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote, na kumshawishi apige kura ni kazi ya chai moja.

Haya, sasa kuchagua.

Kama unajua koda au mitandao, usihangaike, IETF. Hata kama maslahi ya umma kwako ni neno jipya, wewe ndo adimu, wanasheria wa kuongea haki tunao wengi, watu wa kusema hii sehemu ya itifaki inavujisha utambulisho wa simu hatunao wa kutosha. Kama ni mwanasheria au mtu wa sera mwenye uvumilivu wa makaratasi, ICANN, na ndani ya ICANN nenda NCUC kama ishu yako ni uhuru wa kujieleza na faragha, nenda At-Large kama ishu yako ni mtumiaji wa kawaida kwa ujumla, na uchague kikundi cha kazi kimoja tu. Kama ishu yako ni vijiji visivyo na mawasiliano au bei za data, ICANN na IETF hawatakusaidia hata ukikaa miaka kumi, hiyo ni ITU kupitia serikali yako na ni mamlaka ya udhibiti ya nchini kwako. Kama ndo kwanza unaanza na hujui ishu yako ni ipi, IGF ya nchi au ya kanda, mwaka mmoja, usizidishe miwili.

Asasi yenye mtu mmoja? Mi ningechagua ICANN au ITU, si zote, na ningeangalia kitu kimoja tu, je serikali yenu inawapokea. Inawapokea, ITU, kwa sababu ushindani wa asasi pale ni mdogo na kurasa mbili nzuri zinafika mbali. Haiwapokei, ICANN, kwa sababu huko huhitaji ruhusa ya mtu.

Ila kabla hujajiandikisha popote hakikisha shida yako ni ya hizi sehemu kweli, maana naona watu wengi wanapeleka kesi kwenye anwani isiyo yake. Uongo unaosambazwa mitandaoni, akaunti kufungiwa, matusi, picha za watu kuvujishwa, hayo hakuna kati ya hawa wanne anayeyaamua, na sheria ndogo za ICANN za 2016 zinaikataza waziwazi kudhibiti maudhui. Kuzimwa kwa intaneti vilevile. Watu wanaandika barua ITU wakati katiba ya ITU yenyewe, kifungu cha 35, inairuhusu nchi kusimamisha huduma za kimataifa ilimradi itoe taarifa. Anayezima ni serikali kwa amri kwa watoa huduma, na aliyewahi kuibana vizuri ni mahakama: Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilivunja haki ya kujieleza ilipozima intaneti wakati wa maandamano ya 2017, ikaamriwa kulipa fidia. Waliofungua kesi hiyo ni asasi na mwanahabari, na hawakuhitaji kukaa kwenye kikao hata kimoja kati ya hivi nilivyovitaja.